Hodi Kumi na Nne

"Alitia sahihi avae koti atembee kwenye theluji, Bwana Lukelo. Hakutia sahihi akatwe vidole," Mama Zamda alikuwa anasema, na ndoo yake ya maji ameitua katikati ya ngazi makusudi, ili mwenzake asipate pa kupita.

Bwana Lukelo, fundi viyoyozi wa ghorofa ya pili, alijibu kwamba kila kazi ina ajali yake. Yeye mwenyewe kaanguka mara mbili kutoka kwenye dari za watu, na hakuna mteja aliyemletea hata chungwa. Kijana akiamua kuwa mbebaji, akaenda Ulaya kuwabebea watu likizo zao mwilini mwake, basi ajue mzigo ni mzigo. Mchukuzi hagombani na gunia.

Hapo ndipo alipoharibu. Milango ilianza kufunguka. Katika maghorofa yale ya Mji Mpya, Morogoro, ugomvi wa ngazini ulikuwa mali ya wote, na masika yale, watu wakishinda ndani kwa mvua, hakuna aliyetaka kukosa. Mama Zamda alimwambia mwanawe si gunia. Alimwambia kwamba kama viyoyozi vyake vingekuwa na roho vingeshamshitaki zamani. Kisha akanyanyua mkono wake wa kulia, akakunja vidole vitatu, vikabaki kidole gumba na cha shahada.

"Hivi ndivyo alivyorudi juzi. Miezi miwili kalazwa huko, mimi naambiwa yuko jikoni hotelini anakata vitunguu. Na huyo aliyemgandisha amelala kwake, kajifunga kile kilemba chao cha safari, anafurahia. Mtu anakaa ndani ya mwili wa mwenzake kutwa nzima asijue kama mwenzake anakufa?"

"Wateja hawaoni mtu, mama. Wanaona theluji," akasema Bwana Lukelo. Halafu, kwa kuwa alikuwa amezidiwa na watu wanamtazama, akatafuta pa kushika. "Na sisi je? Mke wangu alionja theluji kwa Bi. Mwana. Wewe mwenyewe ulionja. Mbona siku ile hukuuliza nani kaibeba?"

Mama Zamda hakutetereka. Alisema mteja wa Zamda alikuwa mzungu mmoja wa milimani, mtoto kamweleza mwenyewe. Na ile ya Bi. Mwana ilikuwa michezo ya wanawake, kila mtu dakika chache.

"Tena usimtaje Mwanahawa kwenye uchafu huu. Yule mtu ana utu. Angebishiwa hodi mara moja tu, angemwingiza mtu wa watu ndani akampa na chai. Si huyo hapo? Mwanahawa, mwambie."

Nyuso zote zikageuka juu. Mwanahawa alikuwa amesimama ngazi tatu juu yao, sahani ya vitumbua vya mgonjwa mkononi, kaifunika kwa kitambaa.

Hapakuwa na kesi katika jengo lile iliyolala bila kupita kwenye kochi la Mwanahawa. Mlango wake ulifungwa usiku tu, na hata huo usiku ni kwa ajili ya mbu. Alijua nani kaposwa, nani karudishwa, nani kasema anafunga kumbe hana kitu jikoni, na huyo wa mwisho alipelekewa sahani kimyakimya kabla habari haijafika ghorofa ya chini. Walimwita Redio, naye alicheka, maana redio isiyopendwa huzimwa. Kwa hiyo walingoja aseme.

"Poleni," akasema Mwanahawa. Aligeuka na vitumbua vyake, akarudi kwake, akafunga mlango. Chini, watu walitazamana. Mtu mmoja alisema labda sukari imepanda.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Maneno hayo aliyajua. Yalimjia katikati ya Januari, kwenye ujumbe mfupi kutoka Upeo, wakala wake wa safari: mbebaji aliyehudumia likizo yako amepata madhara, vidole vitatu, mkono wa kulia, hakuna hatua inayohitajika kwa upande wako, karibu tena. Aliusoma akiwa anamenya viazi. Akaufuta. Katika miaka hamsini na minane ya maisha yake, hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyowahi kuipata asimwambie mtu.

*

Kesho yake mvua ilipopungua alikwenda Upeo. Njia nzima alijipa moyo kwa yule mzungu wa milimani. Wabebaji ni wengi, alijiambia, na baridi haina uhaba wa vidole.

Ofisi ilikuwa ileile, na kijana wake ni yuleyule, Erasto, mwenye sauti ya kubembeleza kama muuza manukato. Kwenye kiti kilekile mwezi wa kumi walikaa siku tatu wakipanga likizo yake ya baridi. Lilikuwa jambo la kuumiza kichwa. Mwanahawa aliuza vitambaa sokoni miaka thelathini, jasho likimtiririka mgongoni, na siku alipostaafu alisema anataka kuona mahali ambapo Mungu alikumbuka kuweka ubaridi. Akataka vyote. Sleji za kukokotwa na mbwa huko Norwe, treni ya usiku kupita Uswidi, ziwa lililoganda la Ufini, na ile mianga ya kijani inayocheza angani. Erasto alipanga, akapangua. Mianga haina ratiba. Treni haingoji mbwa. Januari huko jua halitoki ila kuchungulia, kwa hiyo kila shughuli ilibidi igombee saa chache za mwanga.

"Na nisisikie baridi," Mwanahawa alikuwa amesema. "Miguu yangu ina ganzi."

Erasto alimwambia hilo ndilo jepesi kuliko yote, akamweleza. Mbebaji huvalishwa utando mwili mzima, mwembamba mweupe kama ganda la ndani la kitunguu, hata usoni, na utando huo husoma kila anachogusa, anachoona, anachonusa. Mteja yuko nyumbani kwake Morogoro, kilemba cha kupokea hayo yote kichwani. Akitaka kunyanyua mkono, mkono wa mbebaji unanyanyuka; akitaka kwenda, miguu ya mbebaji inakwenda. Katikati yao upo mchujo. Mchujo unapitisha utamu wa theluji na kuzuia maumivu.

Mwanahawa, ambaye sokoni hakuwahi kununua mzigo bila kuuliza ulikotoka, aliuliza hayo maumivu yakizuiliwa yanakwenda wapi.

"Hayaendi popote, mama yangu. Yanabaki kule kule."

Aliyasikia vizuri. Kichwa alitikisa, akauliza kuhusu mbwa kama wanauma.

Masharti yalikuwa mawili. Mbebaji akae nje saa nne tu kwa siku. Zikipita, ana haki ya kuomba kuingia ndani kila baada ya nusu saa, na kwa kuwa Upeo ilijua wateja wake ni watu wa wapi, ombi hilo liliitwa hodi. Mwenye safari huvaa bangili. Hodi ikija, bangili inamgonga mkononi mara tatu, taratibu, kama mtu aliye mlangoni. Anajibu kwa kugusa. Karibu, au bado. Akijibu karibu, mbebaji anapata miguu yake, anaingia ndani penye moto. Akijibu bado, anabaki.

Siku sita za kwanza, kila siku Mwanahawa alimaliza kabla hata saa tatu za nje hazijatimia. Zilimchosha kwa upweke. Uzuri wote ule, na hakuna wa kumpiga kumbo na kumwambia tazama. Mbwa walikimbia, treni ikapita misitu iliyovaa sanda, naye amejilaza kochini peke yake kama aliyefiwa. Siku ya saba, Jumapili, siku ya ziwa, akafanya alichofanya maisha yake yote akipata kitu kizuri. Aliita watu.

Walikuja wanawake kumi na tisa. Pilau lilipikwa sufuria mbili. Kilemba kikapita kichwa hadi kichwa tangu saa mbili asubuhi, kila mtu zamu yake, na kati ya zamu na zamu kuna kukifungua, kukifunga, kubishana nani kafuata, kusubiri mmoja amalize kuswali. Muda wote huo kule ziwani mtu alisimama wima kwenye barafu, hana miguu yake, akingoja wamalize kubishana. Mtu mmoja alilalamika kwamba kwa glovu theluji inashikika kama pamba ya godoro. Ni Mwanahawa aliyesema zivuliwe. Angalau ya kulia.

Saa sita mchana bangili ikagonga mara tatu. Alikuwa anapakua. Akagusa bado, mke wa Lukelo hajapata zamu. Ikagonga tena. Bado, Bi. Chiku katoka Kihonda kwa ajili ya hili tu. Ikagonga. Bado. Jioni ilipofika aliigusa bila kuitazama, kama mtu anavyofukuza nzi.

Sasa Erasto alifungua kumbukumbu za siku ile kwenye kioo cha mezani, akakigeuza kimwelekee Mwanahawa. Kwanza alimtuliza: jina la mteja limefungwa, familia ya mbebaji haitaligusa, hata mahakama ingehitaji mwaka mzima kulipata.

"Nataka jina lake yeye," akasema Mwanahawa. "Wa huko."

Hilo nalo lilikuwa limefungwa. Lakini kijana aliona uso wake, akasema tu kwamba mwili hauchaguliwi ovyo. Upeo hutafuta mwili ulioendana na wa mteja kwa mwendo, kwa magoti yaliyozoea kukaa mkekani, kwa namna ya kupanda ngazi. Mteja akipewa mwili wa mbali hutapika. "Wako ulikuwa mwafaka mno, mama. Mfumo ulitupa mtu wa Morogoro hiihii. Karibu tuseme wa ngazi zile zile."

Mwanahawa aliketi akitazama kioo. Yule mzungu wa milimani hakuwepo tena. Hodi kumi na nne, kila moja na saa yake, na mbele ya kila moja neno lake mwenyewe: bado, bado, bado, zimepangwa kushuka chini kama mistari ya wimbo wa mtu mmoja. Baada ya ya kumi na nne, saa kumi na mbili na nusu jioni, hapakuwa na kitu. Ukimya wa dakika hamsini mpaka safari ilipofungwa.

"Hapo mwisho hakubisha," akasema Erasto, akigusa pale patupu kwa kalamu. "Alikuwa na haki, hakuitumia. Kisheria hilo linakusaidia."

Siku ile Mwanahawa alidhani kimya kile ni mtu kuzoea. Alikumbuka hata alivyoshukuru. Sasa alikumbuka na kilemba kilikuwa kwa nani. Mama Zamda ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alishinda jikoni akiwapikia, akagoma kukaa mpaka masufuria yaoshwe. Ndiye aliyeipata mianga. Na hakuitazama sana. Alipiga magoti kwenye theluji akaanza kuikanda, akaikatakata, akapanga maandazi meupe kwenye barafu safu kwa safu, huku akiwasimulia na nyumba nzima ikicheka mpaka machozi. Walimwacha aendelee. Nani angemkatiza mama wa watu, siku yake ya kwanza kucheza tangu awe mjane?

Erasto alimuuliza kama angependa maji. Mwanahawa alisimama bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake huchukua nusu saa.

*

Alipanda ngazi akijua atasema nini. Alikwisha kuyapanga njiani: ni mimi, glovu ni mimi, bado ni mimi, nifanyeni mtakavyo. Hilo la nani alikuwa na kilemba mwishoni hakulipanga. Kila alipolikaribia, fikra zilikataa kama punda mbele ya daraja.

Mlango wa Mama Zamda haukuwa umefungwa, na kwa miaka ishirini alikuwa akiusukuma na kuingia huku akiongea. Leo alisimama nje. Viatu vimelowa, maji yanamtoka kwenye pindo la gauni.

"Hodi," akasema. Kimya. "Hodi." Sauti yake mwenyewe ilimtisha kwa udogo. Akangoja kidogo, kama inavyotakiwa. "Hodi."

Alifungua Zamda. Amekonda, mtandio begani, mkono wa kulia umefungwa bendeji nyeupe na kushikizwa kifuani. Akamwamkia shikamoo, na Mwanahawa, badala ya marahaba, akaanza kusema. Aliyasema yote kwa pumzi moja, vibaya, bila mpango, akiutazama ule mkono: Jumapili, ziwa, watu kumi na tisa, glovu. Aliposema bangili ilimgonga mara kumi na nne na kila mara alijua maana yake, Zamda aliurudisha mlango nyuma yake, wakabaki wawili nje ya mlango.

"Najua, mama mdogo."

Mwanahawa hakuelewa.

"Kampuni haikuniambia. Mwili haujifichi. Siku sita nimebeba mtu anayetembea kama wewe, anasimama kila hatua tano atafute wa kuzungumza naye. Nikawa nacheka peke yangu. Nikasema huyu kama si Bi. Mwana ni pacha wake. Wala sikuchukia. Nilifurahi, nilijiona niko nyumbani." Alirekebisha mtandio begani. "Siku ya saba mikono ikabadilika. Kila saa mikono mingine. Nilibisha hodi, nikangoja. Nikabisha tena. Nikajiambia kwa Bi. Mwana hakuna anayebisha mara tatu."

"Nisamehe mwanangu."

"Ngoja. Usiku ikaja mikono nikaijua." Zamda alishusha sauti. "Ilipiga magoti, ikakanda. Ikabonyeza kwa gumba, halafu ikapiga kwa mgongo wa kiganja mara mbili. Unayemjua wewe anayepiga hivyo ni nani?"

Nyuma ya mlango, kutoka jikoni, ilisikika sauti hiyohiyo, pa-pa, kiganja juu ya donge la unga, kisha ubao ukiburutwa.

"Nilikuwa sijamwona miezi saba," akasema Zamda. "Tangu baba afe sijamwona akicheza. Mchujo hauzuii kicheko, mama mdogo. Unakisikia tumboni kama ni chako. Vidole sikuvisikia tena, mkono wote ulikuwa kama si wangu. Nikasema nikibisha hodi sasa, Bi. Mwana ataniitikia, atamvua mama kilemba. Nikaacha."

Mwanahawa aliegemea ukuta. Machozi yalikuwa yakimtoka, na aliona haya hata kwayo, akayafuta upesi, kana kwamba kayaiba.

"Nilimdanganya ni mzungu wa milimani," Zamda akaendelea. "Ukienda kumwambia ni wewe, atauliza siku. Ukimwambia siku, atahesabu zamu. Mama anajua kuhesabu. Atafika kwenye yake. Wewe utakuwa umetua mzigo, umepata nafuu. Yeye atakanda unga tena lini?"

"Sasa unataka niende kwake nimtazame usoni, ananisifia?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi nilibeba likizo yako. Wewe beba hili."

Huyu binti alikuwa anamwomba Mwanahawa kitu kimoja tu ambacho jengo zima lingeapa hana. Angepewa matusi angeyashika. Angepewa polisi, angewapikia chai. Lakini kunyamaza, kukaa kwenye kochi lake watu wakimtaja mtu mwenye utu, naye atikise kichwa aongeze sukari? Alitaka kusema haiwezekani. Akauona ule mkono uliofungwa, na kidole cha shahada kilichobaki, kinatokeza kwenye bendeji, kimesinyaa kwa ubaridi wa mvua.

"Sitasema," akasema.

Zamda alimtazama muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa jicho. Hakusema amesamehe. Aliushika mlango kwa mkono wa kushoto, akausukuma wazi, na harufu ya iliki na mafuta ya moto ikawatokea.

"Zamda," sauti ya Mama Zamda ikaita kutoka jikoni, "nani huyo unamweka nje kwenye baridi?"

"Bi. Mwana."

"Mwanahawa? Na tangu lini anabisha hodi kwangu?" Alitokeza kwenye mlango wa jikoni, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni, akicheka kwa uchovu. "Ulituacha ngazini jana, shoga, Lukelo akatusema mpaka usiku. Vua viatu hivyo. Maandazi ya kwanza yametoka na chai iko mezani, nami kula na mgonjwa peke yangu sijazoea. Karibu ndani, ule."